Jicho Lako na Uzi Nilioushika

Barasa mwanangu,

Habari ya huko Nakuru, na habari ya jicho. Nauliza jicho mapema kwa sababu ndilo limenikalisha hapa na kalamu wakati wenzangu wamejikinga mvua majumbani mwao. Sisi tu wazima. Baba yako mzima, anakohoa kidogo, lakini anasema si kikohozi, ni moshi. Yule ng'ombe mwenye doa amezaa ndama jike. Basi, salamu zimekwisha, tuseme mambo.

Barua hii haina bahasha. Bahasha iliyobaki baba yako alitia mbegu za vitunguu, sasa inanuka. Nimekunja karatasi tu, na Otieno wa lori ataileta kesho pamoja na magunia ya pareto. Najua ataisoma kabla hajafika Sachangwan, maana hajawahi kubeba barua bila kuisoma. Soma, Otieno. Lakini simamisha lori kwanza, mteremko ule si wa mtu wa kusoma. Na ukifika Nakuru usimwambie Barasa yaliyo ndani, mwache asome mwenyewe.

Nimekaa katika nyumba ya kukaushia pareto, karibu na moto, kwa sababu nje mvua inanyesha na maua mabichi hayachumwi yakiwa na maji. Unakumbuka harufu ya humu. Ulikuwa unasema inakukuna puani.

Barua yako ilifika Jumapili. Niliisoma mwenyewe, polepole, na kidole, kama tulivyofundishwa na mke wa mwalimu pale kanisani. Unasema tajiri wako Mzee Jivan, mwenye duka la picha, anakwenda Nairobi Jumamosi, na kwa akiba yako atakuletea kamera yako mwenyewe, ya kupigia picha vitu vidogo vidogo. Unasema kamera ziko namna mbili. Halafu ukaandika maneno ambayo tangu Jumapili hayajaniacha nikae: "Mama, sitachagua mpaka wewe useme. Neno ulilifunga wewe."

Toka siku hiyo nimeunguza ugali. Nimeita mbuzi kwa jina la dada yako. Nainuka, nakaa, nainuka tena. Baba yako akasema, "Mama Barasa, keti, unanitia kizunguzungu, hata kuku wameacha kula wanakutazama."

Ngoja niseme nilivyoelewa mambo ya hizo kamera, ili kama nimeelewa vibaya ujue kosa liko wapi.

Ya kwanza ni kama ile ya zamani uliyokuja nayo Krismasi. Ina dirisha dogo pembeni la kutazamia, lakini kioo chenyewe kinachopiga picha kiko mahali pengine. Kwa kitu cha mbali si neno. Kwa kitu cha karibu dirisha linaona ua, na kioo kinaona jani la jirani. Kwa hivyo unakivika kioo kingine mbele, kama miwani ya mzee, halafu unapima kwa uzi kutoka kamera mpaka kwenye mdudu, ili kamera ikae pale pale inapotakiwa. Jicho halina kazi kubwa hapo. Kazi ni ya uzi.

Ya pili ina kioo cha kujitazamia ndani ya tumbo lake, kwa hivyo unaona kile kile kitakachotoka kwenye picha. Unaweka pete katikati ya kamera na kioo cha mbele, unaziunganisha kama bomba la jiko, na kila ukiongeza pete unaweza kumsogelea mdudu zaidi. Lakini ukiongeza pete giza nalo linaongezeka, kwa hivyo utataka jua jingi, na utataka ile miguu mitatu ya kusimamishia, kwa maana hata kupumua kwako kunaitikisa. Na ili ujue kwamba mdudu ametokea vizuri, unainama unabandika jicho kwenye kioo cha kukuza kilicho juu yake. Jicho. Hilo moja.

Hapo ndipo niliiweka barua chini.

Wewe ulikuwa mdogo sana, pengine unakumbuka kwa kusimuliwa tu. Tulikuwa bado kule Rongai, kwenye mahindi, kabla bwana wa shamba hajatuleta huku juu kwenye baridi. Nilikuwa nimekutuma ghalani uniletee gunzi la kuwashia moto. Nikasikia ukilia mlio ambao si wa mtoto aliyeanguka. Swila alikuwa kwenye magunia, yule nyoka anayetema, na alikuwa amekutemea usoni. Nilikukimbiza zizini, nikachukua kibuyu cha maziwa ya asubuhi nikakumiminia machoni, yote, nimekubana kichwa kwa magoti, wewe unapiga mateke, nami namwita Mungu kwa Kinandi, baba yako anamwita kwa Kiluhya. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto likafanya ukungu, na ukungu haukuondoka.

Baadaye ndipo tulijua jicho moja ni kitu gani. Ulikuwa unamimina chai nje ya kikombe. Chai ya moto, juu ya meza, juu ya magoti ya baba yako! Hukuweza kujua kikombe kiko mbali kiasi gani. Mimi nikakufundisha: gusa kwanza mdomo wa kikombe kwa mdomo wa birika, ukisikia imegonga, mimina. Mpaka leo nikisikia birika likigonga kikombe popote, hata kwa jirani, nageuka kukutafuta.

Halafu ile siku ya kitako cha chupa. Ulikuwa umeokota kitako cha chupa nyuma ya nyumba ya bwana, umelala kifudifudi njiani, umekibandika kwenye jicho zima, unatazama siafu. Nilidhani umekufa. Nilipoona ni kioo, na jua linapiga humo, nilikuvuta kwa sikio mpaka mlangoni, nikachukua maziwa kinywani nikayapuliza kizingitini kama mama yangu alivyokuwa akifanya alipotaka neno lishike, nikakwambia, "Hutaweka kioo kwenye jicho hilo maisha yako yote. Sema." Ukasema. Ukauliza, "Hata miwani nikizeeka?" Nikakwambia utanyamaza ama nikupige?

Na umelishika hilo neno, mwanangu. Mtu mzima, unafanya kazi kwenye nyumba ya vioo, unaosha picha, unashika taa, unawaambia maharusi wasipepese macho, na hata lile dirisha la kamera unalitazama kwa mbali, umeacha nafasi ya kiganja katikati. Mzee Jivan anadhani ni madaha. Najua hukumwambia kwamba ni mama.

Sasa Krismasi. Nataka uikumbuke pamoja nami, maana nimeikumbuka sana juma hili.

Ulikuja na kamera ya dukani ya kuazima na ile miwani yake ya mbele. Uzi wake ulikuwa umepotea. Nikasema uzi si kitu, nikakusokotea wa katani, ukapima kwa rula, ukafunga fundo. Asubuhi tukaingia kwenye pareto, umande umejaa, mimi nashika ncha ya uzi kwenye ua, wewe unavuta mpaka fundo liguse kamera, umeishikia kwenye shavu, na unapiga kelele, "Achia, mama! Achia!" Nikaachia, na kamera ikalia kapa! Wachumaji wakasimama kututazama. Mama Tabitha akapaza sauti kutoka mstari wa tatu, "Mama Barasa, mnavua samaki?"

Ulipoosha picha kule Nakuru ukaniandikia kwa kicheko. Katika kila picha kulikuwa na vidole vyangu. Kila moja! Ulikuwa unasema achia na mimi nachelewa, nikidhani nikiachia mapema ua litakupotea. Na ua lenyewe lilikuwa ukungu, kwa sababu katani iliponyonya umande ikajikunja, fundo likawa si pale tena. Mzee Jivan akakuuliza hii ni picha ya wadudu ama ya kucha.

Nilicheka mimi pia. Lakini kwa siri nilifurahi na uzi ule. Nilijiambia, kamera ya namna hii ni salama, huyu atapima kwa uzi maisha yake yote na jicho litapumzika. Ndiyo maana Jumapili, nilipoiweka barua chini, jibu lilikuwa tayari mdomoni: chukua ya uzi. Ningeweza kuandika siku ile ile.

Lakini ulikuwa umetia picha mbili kwenye barua.

Ya kwanza ulisema ni ya uzi, tena uzi mzuri wa dukani, usiojikunja. Ua la pareto, na mdudu juu yake. Jani moja jeupe la pembeni limetoka vizuri, mtu angeweza kulichuma. Mdudu ni kama tone la uji.

Ya pili ni ya ile kamera ya pete, ambayo mteja aliiacha dukani itengenezwe. Barasa, nimechuma maua haya tangu tupande huku juu. Nimeyashika zaidi ya nilivyowashika ninyi watoto. Sikuwa najua kwamba ule unjano wa katikati ni maua mengine, madogo, yamebanana, kila moja na mdomo wake wazi kama kifaranga. Na yule mdudu, amesimama hapo ana nywele miguuni!

Nilimpelekea Mama Tabitha. Alirudi nyuma hatua. "Yesu! Ameuawa na nani huyu? Anakula mbuzi?" Nikamwambia ndiye yule mdogo kama punje ya chumvi, anayetembea mikononi mwetu kila siku. Akakataa. Akaenda kuchuma ua, akalileta usoni mpaka puani, akatazama ua, akatazama picha. Akasema, "Na mimi huwa nawafuta kwenye aproni tu." Halafu kwa sababu yeye ni Mama Tabitha akaongeza, "Lakini mwanao, wasichana wote hao wa Nakuru, na yeye anapiga picha wadudu?" Nikamwambia wasichana hawana nywele miguuni. Tulicheka mpaka msimamizi akaja.

Yule bwana wa kilimo uliyemtaja kwenye barua, aliyekwambia ataleta kazi kama ukiweza kumwonyesha mkulima mdudu anayekula zao lake, sasa namwelewa. Mtu haogopi tone la uji.

Ila kitu kilichonikosesha usingizi kiko nyuma ya picha hiyo, mahali ulipoandika kwa penseli. "Hii alitazama Mzee Jivan. Mimi nilishika ua na kubonyeza aliposema sasa." Kwa hivyo picha nzuri kuliko zote zilizotoka mikononi mwako, wewe hukuiona. Ulimwona mdudu karatasi ikiwa imekwisha kukauka, kama sisi wengine. Ulikaa karibu naye namna ile na jicho zima, umegeuza uso pembeni kwa sababu ya mama yako.

Nililia kidogo. Baba yako akasema jicho ni la kijana, si lako. Nikamwambia nililiosha mimi.

Jumanne nikashuka Molo kwa dresa, yule wa zahanati mwenye koti jeupe. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yangu ilipofika akauliza naumwa nini, nikamwambia siumwi, nauliza: jicho likitazama sana kwenye kioo, linaisha? Akacheka, kijana yule. "Mama, jicho si sabuni. Haliishi kwa kutumika." Nikamwambia wewe una mawili, unaweza kucheka. Hapo akaacha kucheka, akanikalisha vizuri. Akasema kutazama karibu kunachosha jicho, hakuliui, na uchovu unaondoka mtu akipumzika. Akasema kitu cha kuogopa ni jua: mtu asielekeze kioo cha namna hiyo kwenye jua na jicho likiwa nyuma yake, hata mara moja. Na zile taa za kupasuka mwanga, zisipasukie karibu na uso. Hayo nimeyaweka kichwani mpaka yamefika kwenye karatasi hii.

Bado sikuamini. Nikarudi, na jana kabla ya mvua nikafanya kitu ambacho wenzangu watakisema mpaka mwaka ujao. Nilijifunga kitambaa kwenye jicho la kushoto nikaingia kwenye pareto hivyo.

Mwanangu, sikujua. Miaka yote nimekulea sikujua. Nilinyoosha mkono kwenye ua, nikashika hewa. Nilitupa maua kwenye kikapu yakaanguka nje. Mtaro nikauona uko mbali, nikaukanyaga. Mama Tabitha ananiuliza nimelewa, na mimi nimesimama katikati ya mstari nalia na jicho moja. Halafu nikachuma ua moja nikalileta karibu, karibu kabisa, kama unavyofanya wewe. Na hapo hapakuwa na shida. Hapo jicho moja lilitosha, hata halikumtafuta mwenzake. Kila mahali pengine nilikuwa mgeni, hapo nilikuwa nyumbani.

Ndipo nikaelewa ulichokuwa unafanya njiani na kile kitako cha chupa. Nilikuvuta kwa sikio ukiwa mahali pekee unapoona kama watu.

Basi asubuhi hii nilichukua maziwa, ya yule yule mwenye doa, nikasimama mlangoni nimeelekea Nakuru, nikayapuliza. Baba yako akalalamika kwamba hiyo ilikuwa chai yake. Nikasema kwa sauti, ng'ombe na kuku wakasikia: neno la kioo limefunguliwa, Barasa aweke jicho lake anapotaka. Mama yangu alikuwa anasema maneno mengi kuliko hayo, lakini nadhani yanatosha.

Chukua ile ya pete. Mwambie Mzee Jivan kabla hajapanda treni.

Na sasa nisikilize, kwa sababu sijamaliza kuwa mama yako. Usichukue pete zote kwa mara moja. Chukua ile fupi, ujifunze nayo, mkizoeana uongeze. Miguu mitatu ichague mizito hata kama haipendezi, na umwambie aangalie kama inafunguka mpaka karibu na ardhi, kwa maana wadudu hawaishi kwenye kimo cha maharusi. Hizo taa za kupasuka ziache kwanza. Chukua sahani nyeupe ya bati, iweke upande wa pili wa ua irudishe mwanga wa jua. Nimejaribu hapa mlangoni na kivuli cha ua kimekimbia, Mama Tabitha ni shahidi. Jua likae mgongoni mwako. Mgongoni, Barasa, siku zote. Ukimaliza mdudu mmoja inua kichwa, tazama mlima Menengai mpaka uhesabu ng'ombe wote unaowajua kwa majina, ndipo uiname tena. Likianza kuwasha, acha. Likitoa machozi, acha. Likifanya hata ukungu kidogo, kidogo tu, usiniandikie, panda lori uje.

Naogopa. Nikuandikie ukweli, naogopa hata sasa. Dresa amesema, maziwa yamepulizwa, na mimi bado nataka kumkimbilia Otieno nimnyang'anye barua nichane. Ndiyo maana nampa sasa hivi, lori likiwa bado linapakiwa na injini haijawaka, kabla sijageuza moyo. Otieno, nikikufuata mlangoni nikiomba barua, usinipe.

Ule uzi wa katani upo, nimeupata kwenye mfuko wa aproni, na fundo lako. Hutauhitaji tena. Siuleti. Krismasi ile ulisema achia, mama, na mimi nikachelewa kila mara. Leo hujasema, na mkono wangu umeshatoka kwenye picha.

Mtazame huyo mdudu kwa niaba yetu.

Mimi mama yako,
mwenye vile vidole.